Somo la 7: Mtoto Aliyekua

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Yohana 9:1–38, Kutoka 4:10–16, Mithali 31:1–9, Marko 10:46–52, 2 Samweli 4:4, 9:1–13, 16:1–4, 19:24–30, Yohana 19:25–27, 1 Wakorintho 12:20–26.

Fungu la Kukariri: Mithali 31:8, 9. Lisomeni pamoja darasani, kisha kila mmoja alikariri kutoka katika Biblia yake.

Mtoto mwenye usonji hukua. Kijana anaota ndevu, binti anakuwa mwanamke kamili. Alipokuwa na miaka 6 akipiga kelele kanisani, watu walisema, “Ni mtoto tu.” Sasa ana miaka 26, kelele ni zilezile, na watu wanamwogopa. Mama aliyekuwa akimbeba mgongoni sasa ana mvi na magoti yanamuuma.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu mapema, na huishi nayo maisha yake yote. Huonekana katika namna anavyowasiliana na kuhusiana na wengine, anavyoshikilia utaratibu wake, na anavyosumbuliwa na kelele, mwanga, harufu au kushikwa. Baadhi yao husema sana juu ya jambo moja wanalolipenda; wengine hawasemi kabisa. Baadhi hufanya kazi na kujitegemea. Wengine huhitaji kusaidiwa hata kuoga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Hali hii haiambukizi. Si laana, si kurogwa, wala haikuletwa na chanjo au malezi mabaya.

Hapa Lusahunga, ambapo barabara ya Rusumo inaachana na ile ya Biharamulo, malori hupita usiku na mchana. Mzazi wa mtu mzima mwenye usonji hulala huku sikio lake likiwa mlangoni. Moyoni anabeba swali ambalo ni nadra kulisema kanisani: “Nikifa, nani atamsemea mwanangu, na nani atamsikiliza?” Juma hili tutalichukua swali hilo na kulipeleka kwenye Neno la Mungu.

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Wazazi Walioogopa

Soma Yohana 9:1–23. Wazazi wa kijana aliyezaliwa kipofu waliulizwa nini, na walijibu nini? Kwa nini walijibu hivyo?

Sura hii inaanza na swali ambalo wazazi wengi wamelisikia kwa lugha zote za Ngara na Biharamulo: ni nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa hivi? Wanafunzi walitaka mkosaji. Yesu alikataa majibu yote mawili waliyomwekea, la mtoto na la wazazi. Kama darasa halitajifunza jambo lingine lolote juma hili, na lijifunze hili. Hakuna mama mwenye mtoto wa usonji anayepaswa kuketi kwenye benchi la kanisa akihisi kwamba majirani wanazihesabu dhambi zake.

Baadaye wazazi wanaitwa mbele ya wakuu. Wanakubali kwamba ni mwana wao na kwamba alizaliwa kipofu. Lakini wakiulizwa amepataje kuona, wanajitoa. Wanasema ni mtu mzima, aulizwe mwenyewe.

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Mwana wao alikuwa mtu mzima, na aya zinazofuata zinaonyesha kwamba alijua kujieleza kuliko waliomhoji. Ila Yohana anatuambia kilichowasukuma wazazi: waliogopa kutengwa na sinagogi. Walitumia utu uzima wa mwana wao kama mlango wa kutokea, wakamwacha peke yake mbele ya watu wenye hasira.

Mzazi anaweza kukosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni hii ya kusema, “Amekua, atajijua,” na kumwacha mtu anayehitaji msaada asimame mwenyewe. Ya pili ni kinyume chake: kusema, “Huyu ni mtoto siku zote,” na kumnyima kila uamuzi, hata wa kuchagua shati lake. Mtu mwenye miaka 26 si mtoto wa miaka 6. Anahitaji msaada, na anahitaji heshima ya umri wake.

Angalia pia hofu hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwenye nyumba ya ibada. Wazazi hao hawakuwaogopa wanyang’anyi wa njiani. Waliwaogopa washiriki wenzao. Nasi tujiulize, wazazi wa watu wenye usonji wanaogopa nini miongoni mwetu? Huenda ni macho yanayogeuka wakati wa sala. Huenda ni shemasi anayenong’ona, “Mtoe nje kidogo.” Ndiyo maana mara nyingi familia ya namna hii huigawa Sabato kwa zamu: leo baba anakuja kanisani na mama anabaki, juma lijalo wanabadilishana. Miaka inapita bila mume na mke kuketi pamoja kwenye ibada.

Soma Yohana 9:35–38. Yule aliyetupwa nje, ni nani aliyemtafuta?

Je, kuna familia katika kanisa lako ambayo huiona nusu tu kila Sabato? Umewahi kuuliza nusu nyingine iko wapi?

JUMATATU
Kinywa cha Kuazima

Soma Kutoka 4:10–16. Musa alimweleza Mungu udhaifu gani, na Mungu alifanya nini juu yake?

Musa alipoitwa hakuwa kijana. Kutoka 7:7 inasema alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Alikuwa mtu mzima ambaye ulimi wake ulikuwa mzito. Mungu hakumwacha kwa sababu hiyo, wala hakuihamishia kazi yake kwa Haruni. Ujumbe ulibaki kwa Musa. Haruni alimwazima kinywa.

Hiyo ndiyo kazi ya mzazi anayemsemea mwanawe aliyekua. Hasemi yaliyo rahisi kwa mzazi, bali yale ambayo mwanawe angesema kama angeweza. Kwa hiyo kabla ya kufungua kinywa, inampasa kujua mwanawe anataka nini. Soma sasa Mithali 31:1–9. Wosia wa kuwafungulia kinywa wasioweza kujitetea ulitoka kwa mama, naye alikuwa akimfundisha mwanawe mfalme. Mama huyo alijua kwamba mwenye sauti kubwa kuliko wote ndiye anayedaiwa zaidi na wasio na sauti.

Asiyesema kwa maneno husema kwa njia nyingine. Anaushika mkono wa mama na kuupeleka kwenye mtungi wa maji. Anaziba masikio lori linapopiga honi. Anajipiga kichwani, na mama anayemjua anaelewa kwamba jino linamuuma. Anakataa kuingia nyumba fulani, na mzazi mwenye busara hamlazimishi kabla ya kuchunguza kwa nini. Watu wenye ulemavu huumizwa na watu wanaowajua, na mara nyingi wa kwanza kutoa habari si ulimi, ni mwili.

Soma Marko 10:46–52. Umati ulimfanyia nini Bartimayo? Yesu alimwuliza nini?

Umati ulimnyamazisha. Yesu alimwita, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Kila mtu pale aliona kwamba Bartimayo ni kipofu, na Bwana alijua haja yake kabla hajaomba. Hata hivyo alimpa nafasi aiseme mwenyewe. Hiyo ndiyo adabu ya Mwokozi kwa mtu mzima mwenye ulemavu.

Tunaweza kuiga adabu hiyo kesho asubuhi. Msalimu mwenye usonji mwenyewe, usimsalimu mama yake tu na kupita. Ukimwuliza jambo, ngoja; jibu linaweza kuchukua muda. Mpe vitu viwili achague: uji au chai, kuketi mbele au karibu na mlango. Usisimulie mambo yake ya aibu mbele yake ukidhani hasikii, kwa maana asiyesema aweza kuwa anasikia vizuri sana. Na akiogeshwa, mlango ufungwe, na kijana aliyekomaa aogeshwe na baba au kaka inapowezekana.

Mara ya mwisho ulipokutana na mtu asiyesema, ulizungumza naye, au ulizungumza juu yake?

JUMANNE
Wazazi Waliobisha Hodi

Soma Luka 18:1–8. Mjane alikuwa na nini cha kumpa kadhi? Kwa nini hatimaye alisikilizwa?

Mjane hakuwa na fedha wala ndugu mkubwa. Alikuwa na haki na miguu ya kurudi tena. Historia ya usonji duniani imejaa wazazi wa namna hiyo.

Mwaka 1933 katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, Marekani, alizaliwa mtoto aitwaye Donald Triplett. Alipokuwa bado mdogo, wazazi wake walishauriwa kumweka katika taasisi, mbali na nyumbani. Walifanya hivyo, lakini baada ya mwaka mmoja hivi walikwenda kumchukua. Baba yake alimwandikia daktari Leo Kanner wa Baltimore barua ya kurasa 33, akieleza kwa uangalifu yote waliyoyaona kwa mwana wao. Mwaka 1943 Kanner alichapisha makala juu ya watoto 11, na Donald alikuwa wa kwanza katika orodha hiyo. Hivyo maelezo ya kitabibu ya hali tunayoiita usonji yalianza, kwa sehemu, na barua ya mzazi.

Cha kututia moyo zaidi ni yaliyofuata. Donald alikua. Alisoma, akafanya kazi katika benki ya mji wake kwa miongo mingi, akaendesha gari, akaendelea kuishi katika nyumba ya wazazi wake hata baada ya wao kufa. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Kweli, familia yake ilikuwa na mali na hisa katika benki hiyo, nasi wengi wetu tuna jembe na shamba la migomba. Tena si kila mwenye usonji ataweza aliyoyaweza Donald. Lakini mali peke yake haimpi mtu majirani. Mji ulimzoea, ukamkubali alivyo, na wazazi walipoondoka hakubaki mgeni.

Karibu na kwetu, mwaka 2003 wazazi na wataalamu jijini Nairobi walianzisha chama cha Autism Society of Kenya, na Shule ya Msingi City jijini humo ikawa na kitengo cha watoto wenye usonji. Hapa Tanzania kuna chama cha kitaifa cha watu wenye usonji, NAP-T. Umoja wa Mataifa nao uliamua mwaka 2007 kwamba kila tarehe 2 Aprili iwe siku ya kuelimishana juu ya usonji.

Mzazi wa Lusahunga naye ana milango ya kubisha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria hiyo inaagiza ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Inamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Haki iliyoandikwa Dodoma haiji yenyewe hadi mlangoni. Anza na mambo haya:

1. Hakikisha jina la mwanao limo katika orodha ya watu wenye ulemavu kijijini. Mzazi aliyemficha mwanawe kwa aibu amemficha pia na msaada.
2. Akifika miaka 18, fuatilia Kitambulisho chake cha Taifa. Bila hicho ni vigumu kufungua akaunti au kusajili laini ya simu.
3. Mfahamu ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako kabla ya siku ya shida.
4. Weka cheti cha kuzaliwa na karatasi zote za hospitali katika mfuko mmoja, na mtu wa pili ajue ulipo.
5. Usiende ofisini peke yako. Mzee wa kanisa akiandamana na mama, mama atarudi nyumbani akiwa na nguvu.

Ni mlango gani ambao familia moja kanisani kwako imeubisha mara nyingi peke yake? Nani wa darasa hili atakwenda nayo juma lijalo?

JUMATANO
Mefiboshethi na Siba

Soma 2 Samweli 4:4 na 9:1–13. Mefiboshethi alipataje ulemavu wake? Daudi alimtendea mema gani?

Kisa hiki tumezoea kukihubiri hadi sura ya 9 na kuishia mezani pa mfalme. Mefiboshethi alikuwa mtu mzima, baba wa mtoto aitwaye Mika, akiishi kwa Makiri huko Lo-debari. Daudi alimrudishia mashamba ya babu yake Sauli, akamkalisha mezani pake. Kwa kuwa hakuweza kuyalima mwenyewe, Siba na wanawe 15 na watumishi 20 walipewa kazi hiyo kwa niaba yake. Ulikuwa mpango mzuri. Lakini kisa hakikuishia hapo.

Soma 2 Samweli 16:1–4 na 19:24–30. Siba alisema nini juu ya Mefiboshethi? Mefiboshethi mwenyewe alieleza nini aliposikilizwa?

Siku Daudi alipokimbia, Siba alikuja na punda, mikate na maneno. Alidai kwamba bwana wake amebaki Yerusalemu akitazamia ufalme. Daudi aliamua papo hapo: mali yote ikawa ya Siba. Mefiboshethi hakuulizwa. Aliporudi mfalme, alimkuta mtu ambaye hakuwa ameosha miguu wala kukata ndevu kwa huzuni, naye alisema kwamba alitaka kupanda punda aende, ila mtumishi wake alimdanganya. Daudi akaligawa shamba nusu kwa nusu, wala hatusomi kwamba Siba aliadhibiwa.

Wapendwa, jambo hili lipo vijijini mwetu. Baba anakufa. Kwenye kikao cha ukoo anaibuka mmoja na kusema, “Huyu hajui kitu, nitamtunza mimi.” Shamba la kahawa na migomba linahamia kwake, na baada ya misimu miwili mwenye usonji analala jikoni, anakula akikumbukwa. Wapo hata wanaofungwa kamba ili wasizurure barabarani. Pengine aliyemfunga si katili; amechoka, na hakuna aliyempokea mzigo hata kwa saa moja. Hata hivyo kamba si matunzo, na kanisa likijua halipaswi kunyamaza.

Mzazi anaweza kuyazuia mengi akiwa hai. Aandike wosia mbele ya mashahidi wasiofaidika nao, amtaje mwanawe kwa jina kama mrithi kamili. Shamba la kijiji linaweza kupimwa na kupewa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina la mwanawe likawekwa humo. Asimwachie mtu mmoja shamba pamoja na matunzo bila mwingine wa kumwuliza hesabu. Daudi alikuwa na nia njema, lakini hakuweka mtu wa kumwangalia Siba.

Nao ndugu wa tumbo moja waambiwe mapema, kwa upendo. Dada aliyemwangalia kaka yake tangu utotoni naye ana haki ya kuolewa na kuwa na maisha yake. Asipewe mzigo wote kwa kuwa tu ni binti.

Umewahi kuketi kwenye kikao ambapo mambo ya mtu mwenye ulemavu yaliamuliwa bila yeye kuulizwa? Ulisema nini?

ALHAMISI
Kukabidhi Kabla ya Kufa

Soma Yohana 19:25–27. Yesu alifanya nini kwa ajili ya mama yake katika saa ya mateso yake?

Bwana alikuwa na ulimwengu mzima mabegani, lakini hakusahau kwamba mtu mmoja pale chini angebaki bila wa kumtunza. Tazama jinsi alivyofanya. Hakusema, “Mungu atajua.” Alimchagua mtu mmoja aliyekuwepo. Alizungumza na pande zote mbili, mama na mwanafunzi, kila mmoja akisikia. Na Yohana hakungoja. Tangu saa ile alimchukua nyumbani kwake.

Imani yetu inalifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Tunaamini kwamba wafu wamelala na hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5). Mama aliyelala katika Bwana hatakuwa akimtazama mwanawe kutoka mbinguni na kumlinda. Anangoja asubuhi ya ufufuo, na katika usiku ule hawezi kunyosha mkono. Kama mikono yetu haitanyoshwa, tumaini tulilomhubiria mama huyo kwenye mazishi litakuwa maneno matupu kwa mwanawe aliye hai.

Kwa hiyo makabidhiano yaanze mzazi akiwa na nguvu. Wachaguliwe watu kadhaa, si mmoja: ndugu wa damu, jirani, washiriki wa kanisa. Mzazi aandike katika daftari mambo ambayo yeye peke yake anayajua: anakula nini na anakataa nini, nini humtisha, nini humtuliza, ana kifafa au hana na dawa yake ni ipi, anaonyeshaje kwamba anaumwa. Kisha wajizoeze. Mwenye usonji akalale usiku mmoja kwa shangazi, baadaye siku mbili, wakati mama bado yupo wa kuulizwa. Kwa mtu anayeshikilia utaratibu, mabadiliko yote yakija siku ya msiba ni kama nyumba kuanguka.

Soma 1 Wakorintho 12:20–26. Paulo anasema nini juu ya viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu?

Hasemi kwamba vinavumiliwa. Anasema ni vya lazima. Basi kanisa limpe mwenye usonji nafasi na kazi. Apate kiti kilekile kila Sabato, karibu na mlango ili atoke akizidiwa na kelele na kurudi asipoulizwa. Kwenye makambi, hema lake liwe mbali na vipaza sauti. Kama anapenda kupanga vitu, apange vitabu vya nyimbo. Kama anapenda maji, asaidie kujaza mabeseni ya huduma ya unyenyekevu. Mchungaji amfundishe kwa picha na kwa vitendo, kwa muda wowote utakaohitajika, na akionyesha kwamba anampenda Yesu, asizuiliwe ubatizo kwa sababu tu hajui kujieleza kama wengine. Mnyang’anyi msalabani alikuwa na sentensi chache tu.

Wazazi nao wapumzishwe. Washiriki wawili wanaomfahamu kijana wanaweza kuketi naye saa mbili ili baba na mama waabudu pamoja.

Wenye umri katika wilaya hizi wanakumbuka Aprili 1994, zaidi ya watu 200,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi. Hakuna aliyekuwa amejiandaa, na bado walipokelewa. Je, watu wa nchi hiyo hiyo watakosa nafasi kwa mmoja kwenye benchi?

Kama mzazi fulani wa kanisa lako angelala leo, ni nani ambaye mwanawe angemfuata kwa hiari? Kama hakuna, nani ataanza kuzoeana naye?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Rudia kusoma Yohana 9 yote kwa mara moja, ukiwatazama watu wanne: wanafunzi wanaotafuta mkosaji, majirani wanaobishana, wazazi wanaoogopa, na Yesu anayemtafuta aliyetupwa nje. Jiulize wewe unasimama wapi.

Wazazi wengi wameambiwa kwamba wakiwa na imani ya kutosha mtoto “atapona,” na wamezungushwa kwenye maombezi mengi na kuacha fedha huko. Tuwaombee bila kukoma, lakini tusimpe mzazi hatia juu ya uchovu. Maombi ya kanisa yanaweza kuanza na jambo dogo: “Bwana, tufundishe kumwelewa ndugu yetu huyu.” Kisha tukae naye hadi tujibiwe.

Juma hili tumeona kwamba mzazi humwazima mwanawe kinywa bila kumnyang’anya ujumbe wake, na kwamba mzazi huyo naye anahitaji watu wa kusimama pamoja naye. Mwana amekua. Kazi ya kumlea haikuisha. Imekuwa kubwa kuliko nyumba moja.

Maswali ya Kujadili:

1. Wazazi wa Yohana 9 walisema kweli wakiwa na hofu. Mzazi wa leo atajuaje kwamba anamwachia mwanawe aliyekua uhuru, na si kwamba anamkwepa?

2. Soma tena 2 Samweli 19:24–30. Ni utaratibu gani rahisi ambao kanisa au ukoo unaweza kuuweka ili msimamizi wa mali ya mtu mwenye ulemavu atoe hesabu?

3. Mshiriki mmoja anasema, “Akipiga kelele anatuharibia ibada.” Mtamjibuje kwa upole na kwa Maandiko? Ni mabadiliko gani yatakayomsaidia mwenye usonji na mshiriki huyo pia?

4. Kwa nini fundisho letu juu ya hali ya wafu linaongeza wajibu wetu kwa wale ambao wazazi wao wamelala?

5. Kabla ya kutawanyika, darasa litaje (kwa ridhaa ya wahusika) familia moja yenye mtu mzima mwenye usonji au ulemavu mwingine wa akili. Amueni nani atawatembelea, siku gani, na atamwuliza nini kwanza yule mwenye usonji mwenyewe. Leteni taarifa Sabato ijayo.